Mfungwa Aliyevaa Kofia ya Fisi

Ulikuja mwaka mmoja mawingu yakasahau njia ya Bonde la Kiwele. Mto ulikauka mpaka kambale na mijusi wakawa majirani, na nyasi zikabaki chache kama ndevu za beberu mzee. Njaa ilipoanza kuonekana kwa mbali, Simba, mfalme wa bonde, alitoa amri. Kila mla nyama alete sehemu ya mawindo yake, ikaushwe juani, iwekwe katika ghala moja, iliwe na wote siku mambo yatakapokuwa mabaya zaidi.

Amri ilikuwa njema. Tatizo lilikuwa mlinzi, maana Simba alimchagua Fisi.

Wanyama walikohoa. Walitazamana, wakatazama chini. Lakini nani angemwambia Simba kwamba amekosea? Simba hakuwa amekosea tangu azaliwe, na ukitaka shahidi wa jambo hilo, alikuwa tayari kukuapia mwenyewe.

Fisi alianza kwa kunusa tu. Kunusa hakumalizi nyama, alijiambia. Kesho yake akalamba, maana kulamba nako ni kunusa kwa ulimi. Keshokutwa akaonja kipande kimoja ili ahakikishe hakijaoza, na kwa kuwa hakikuwa kimeoza, aliona huruma kukiacha peke yake tumboni, akakitafutia wenzake. Siku Simba alipotuma habari kwamba anakuja kukagua, ghala lilikuwa limebaki na harufu tu, na Fisi alikuwa analamba ukuta.

"Nimekwisha!" alisema.

Kisha akaona, chini ya ukuta ule ule, nyayo ndogo ndogo za Sungura, ambaye alipita pale kila alfajiri kulamba umande kwenye mawe. Fisi akacheka mpaka akajishika mbavu.

Mbele ya baraza alilia kuliko waliofiwa. "Mfalme wetu, tumeibiwa! Mwizi amesomba nyama yote, akaacha nyayo zake. Ni Sungura!"

"Mimi?" alisema Sungura. "Mla majani? Mfalme, hiyo nyama ningeitafuna kwa meno gani? Ya kuazima?"

Baraza zima likaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Sungura. Simba hakupenda kicheko ambacho hakukianzisha yeye.

"Jela!" alinguruma. "Mpaka mvua irudi!"

Nyumbu alifungua mdomo aseme neno, akakumbuka ana watoto, akaufunga. Ngurumo ya Simba ikishatoka hairudishwi kooni.

"Na sheria ya jela yangu ni hii," Simba aliendelea. "Mlinzi atakayempoteza mfungwa ataingia yeye mahali pa mfungwa, akae humo mpaka mvua irudi. Fisi, umekuwa mwepesi kumtambua mwizi. Kuanzia leo wewe ndiye bwana jela."

Fisi akavikwa kofia nyekundu yenye shada. Akafungwa mkanda, na kwenye mkanda zikaning'inizwa funguo mbili: wa chumba cha mfungwa na wa lango. Aliipenda kofia ile mpaka akawa analala nayo, na mke wake, Bi Fisi, akawa analala mbali kidogo kwa sababu shada lilimwingia puani.

Jela yenyewe ilikuwa boma la miiba ya mgunga, iliyopandwa ikasukwa mpaka hata upepo ulipita ukiomba radhi. Kati ya boma kulikuwa na chumba cha mawe chenye mlango wa fito nene. Pembeni palikuwa na nyumba ya bwana jela, maana Simba alimkataza asitoke humo usiku wala mchana. Langoni alikaa Ngiri, mnyama mtiifu, mwenye mkia wima na maneno machache.

Fisi aliishi vizuri. Alikula posho yake, akala ya mkewe, akala na ya Ngiri kila Ngiri alipogeuza shingo. Kitu kimoja tu kilimkera: mdomo wa mfungwa.

"Mtani!" Sungura angeita kupitia fito. "Mbona nyuma umeinama hivyo? Unaonekana kama mtu aliyeanza kukaa, akakumbuka ameacha chungu motoni."

"Nyamaza, masikio ya mkonge!"

"Nimenyamaza, mtani. Lakini kaa basi, umalize ulichoanza."

Fisi hakuweza kumchapa hata kofi. Ukoo wa Fisi na ukoo wa Sungura ni watani tangu enzi za mababu, na utani una adabu yake. Mtani akikutukana, unamtukana. Akikuchukulia kitu chako, unacheka. Mtani hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani hutozwa mbuzi mzima hadharani, na watu husema: kumbe aliloambiwa ni kweli. Fisi, ambaye hakuwa tayari kutoa hata kwato ya mbuzi, alicheka kwa meno na kuendelea na shughuli zake.

Kisha Shangazi Magego akafa.

Huyu alikuwa dada wa baba yake Fisi, bingwa wa kuvunja mifupa, aliyekuja kumsalimu mpwa wake na kukaa. Alikufa kama alivyoishi: anacheka, na mfupa mdomoni. Fisi alilia kwelikweli. Shangazi ndiye aliyemfundisha kupasua goti la nyati kwa upande wa kushoto wa taya. Alilia kwa jicho la kulia mpaka shavu likalowa. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kutazama langoni, ambako jamaa walikuwa wanaingia mmoja mmoja na vifurushi vichwani.

Maana msiba una maajabu yake. Nchi nzima ilikuwa inalia njaa, lakini iliposikika kwamba Shangazi amefariki, kila fisi alikwenda kufukua akiba aliyoificha asiitoe ghalani. Huyu paja kavu, yule mbavu, yule ulimi wa pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Chungu kikubwa kikainjikwa uani. Harufu ikapanda, ikazunguka boma, ikamshika Fisi pua ikampeleka jikoni.

Alikuwa amekwisha kunyosha mkono kwenye kifuniko pale Bi Fisi alipompiga mwiko wa vidole.

"Una wazimu, baba? Mtani yuko wapi?"

"Mtani wa nini? Mimi nina njaa."

"Chungu cha msiba hakifunuliwi kabla mtani hajachota wa kwanza. Wala marehemu hazikwi kabla mtani hajalala njiani akazuia jeneza, akamuigiza marehemu, watu wakacheka huzuni ikapungua. Unataka shangazi yako azikwe kama panya? Jamaa wote wanatazama!"

Kweli, jamaa wote walikuwa wanatazama. Walitazama chungu, halafu walimtazama Fisi.

"Mleteni mtani basi," alisema Fisi huku mate yanamdondoka.

"Sungura wote wamehama bonde hili tangu mwenzao afungwe," alijibu Bi Fisi. "Amebaki mmoja tu. Na funguo zake zimekuning'inia kiunoni."

Ngiri, aliyekuwa langoni, alisogea hatua moja. "Afande," alisema, "sheria."

"Sheria inasema nisimpoteze," alisema Fisi. "Haisemi nisimkopeshe." Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mawe. "Mtani, toka. Kuna kazi yako."

Sungura alikuwa amejilaza, mguu mmoja juu ya mwingine. "Nimesikia vilio. Poleni sana. Lakini mimi ni mfungwa, afande, na mfungwa hana utani. Niacheni na kifungo changu."

"Nitakufungulia mlango."

"Na minyororo ya miguuni?"

"Hiyo itabaki."

"Basi na mimi nitabaki. Nimwigize Shangazi Magego nikiwa na minyororo? Shangazi alikuwa na kiuno, afande. Kiuno kile hakichezeki kwa minyororo. Watu watasema bwana jela amemzika shangazi yake kwa mtani wa kubuni." Akageukia ukutani. "Harufu nzuri, lakini. Nani kaleta ulimi wa pofu?"

Aliposikia ulimi wa pofu umetajwa kwa jina, Fisi aligeuka kutazama chungu. Alipiga hesabu yake upesi. Miiba ni mirefu, lango lina kufuli, Ngiri yuko pale, ufunguo wake ni mmoja na uko kiunoni. Atakwenda wapi? Akainama akafungua minyororo.

"Ukijaribu kukimbia nitakutafuna."

"Mtani hakimbii msiba," alisema Sungura, akajinyosha kila upande mpaka mifupa ikalia.

Basi hapo ndipo shughuli ilipoanza. Jeneza lilipoinuliwa kuelekea kaburini, hapo hapo ndani ya boma, Sungura akaruka akajilaza njiani chali. "Hapiti mtu! Shangazi Magego alinidai kicheko, sijamlipa!" Wakamwomba. Wakambembeleza. Akataka abebwe yeye kwanza, wakambeba. Akasema jeneza ni zito kwa sababu Shangazi ameficha mfupa kwapani, na wazee wawili wa kifisi wakacheka mpaka wakaachia jeneza upande mmoja.

Baada ya kuzika, Sungura alijifunga khanga ya marehemu, akaweka kokoto mashavuni, akawa Shangazi Magego mwenyewe. Aliingia mlangoni akichechemea. Akasalimia kila mtu huku anakagua sahani yake. Alimshika Fisi kidevu: "Mwanangu, umekonda! Lete hicho unachokula nione kama kinakufaa." Akakinyang'anya, akakila hewani, akajifuta. Vicheko vilipasuka uani. Waliokuwa wanalia walicheka, na waliokuwa wanacheka wakaanza kulia. Sungura akafunua chungu, akachota wa kwanza, akanusa, akamkabidhi Fisi: "Kula, mpwa wangu. Mimi huko nilikokwenda kuna ng'ombe wazima."

Chungu kilikuwa kimefunguliwa. Fisi alitumbukiza kichwa.

Hapo kichwani palikuwa na kofia, na kofia ikagonga mdomo wa chungu. Sungura akamvua taratibu, kama mkwe anavyompokea mgeni mzigo. "Isilowe mchuzi, mtani." Akamfungua na mkanda. "Na huu utakubana, ndio kwanza umeanza." Fisi aliguna tu, mdomo umejaa.

Ndipo Sungura akaivaa kofia. Ilimfunika mpaka machoni. Akajifunga mkanda, ukamzunguka mara mbili. Akashusha makalio, akainua mabega, akatembea mwendo wa Fisi barabara, ule wa mtu anayekaribia kukaa na asikae. Watu walianguka. Bi Fisi alijishika kwenye nguzo. Hata Ngiri, ambaye tangu azaliwe hakuwa amecheka, alitoa sauti fulani puani, akashtuka mwenyewe.

"Mimi ni bwana jela!" alifoka Sungura kwa sauti ya Fisi. "Nani amekula nyama ya ghala? Siyo mimi! Mimi nilinusa tu! Ni yule pale, mla majani! Mnaona alivyonenepa kwa nyasi?"

Kicheko kikapanda mpaka kunguru wakaruka juani. Fisi alitoa kichwa chunguni, akamtolea Sungura meno. Lakini mtani hakasirikiwi. Akikasirika, mbuzi amekwenda, na wote watasema kumbe ni kweli. Basi akacheka. Alicheka kuliko wote, akapiga na kofi paja lake.

"Ngiri!" Sungura aliita. "Simama wima! Mkia juu! Hapana, chini! Hapana, juu! Wewe mlinzi gani, mkia wako haujui unakokwenda?"

"Ndiyo, afande!" alisema Ngiri, machozi yanamtiririka.

"Nakwenda kukagua nje ya boma. Inawezekana kuna nyama imejificha huko. Nipishe njia!"

Akafika langoni. Akatia ufunguo kwenye kufuli. Ngiri, katikati ya kicheko, alikumbuka kitu, akamtazama Fisi kwa mbali. Watu wote wakamgeukia Fisi.

Fisi alikuwa na mbavu upande mmoja wa mdomo na ulimi wa pofu upande wa pili. Akikataa, ataonekana amekasirika. Tena ataonekana mwoga, mbele ya jamaa zake wote. Na chunguni mkono wa binamu yake ulikuwa unakaribia paja. Fisi akapunga mkono.

"Mwache apite!" alisema. "Mtani hakatazwi!"

Lango likafunguka. Sungura akatoka akitingisha makalio, lango likafungwa, na kufuli likasikika likibanwa upande wa nje. Kisha ile sauti ya Fisi ikafoka kutoka huko:

"Wafungwa wote wako ndani! Idadi imetimia!"

Loo! Watu walicheka mpaka wakagaagaa. Mzee mmoja aling'oka jino. Shangazi Magego, walisema, amepata msiba ambao hata mfalme hajaupata.

Wakangoja arudi.

"Anakawia vizuri," alisema Bi Fisi akijifuta macho. "Huyu ni fundi. Anataka tuchoke ndipo atokee."

"Atatokea na mavazi mengine," alisema binamu.

"Atajifanya Simba!"

Wakacheka tena kwa kuwaza tu. Kicheko kikapungua. Mmoja akanyamaza, halafu mwingine. Jua likasogea. Chungu kikatoa povu la mwisho. Mwishowe aliyebaki anacheka alikuwa Fisi peke yake, ha, ha, ha, kwa sababu alijua akiacha kucheka, siku yake ya kulia itaanza.

Akaacha.

"Mtani?" aliita. "Mtani, rudi basi. Imetosha. Tumecheka."



Ngiri hakungoja kuamriwa. Aliinamisha kichwa akachimba chini ya lango kwa pembe na kwato, vumbi likaruka, na fisi wote wakapita chini kwa chini, wale walioshiba wakisukumwa kutoka nyuma. Nyayo zilionekana wazi: zilishuka mteremko, zikaingia kwenye mchanga wa mto mkavu, zikaenda moja kwa moja mpaka katikati. Na hapo katikati zikakoma.

Hazikugeuka wala hazikurudi. Palikuwa na unyayo wa mwisho, na mbele yake kofia nyekundu imewekwa vizuri, ndani yake mkanda, na juu ya mkanda zile funguo mbili. Kuzunguka hapo mchanga ulikuwa laini kama unga uliochekechwa. Hapakuwa na shimo, jiwe, wala kichaka. Angani hapakuwa na hata mwewe.

"Amechimba," alisema binamu. Ngiri akanusa, akatikisa kichwa. Hapajachimbwa.

"Amerudi kinyumenyume juu ya nyayo zake." Ngiri akanusa tena. Hapana.

"Amebebwa na ndege."

"Ndege gani huyo, na unyoya wake uko wapi?"

Walizunguka, wakainama, wakainuka. Kila mmoja alikuwa na maelezo, na hakuna maelezo yaliyofika upande wa pili. Fisi alichukua kofia yake akaigeuza ndani nje, kana kwamba Sungura angekuwa ameshonwa humo.

Alipoinua macho aliona vumbi. Simba alikuwa anakuja kuhani msiba.

"Nimekwisha," alisema Fisi kwa mara ya pili katika ukame ule. Lakini mwongo akibanwa huota akili. Alikimbia mbio, wote wakimfuata, wakapita chini ya lango, akamvalisha mkewe kofia na mkanda.

"Wewe ni mimi," alimwambia.

"Mimi ni wewe?"

"Mpaka Simba aondoke tu! Mimi nitakuwa Sungura. Akikuta chumba kitupu, nitaingia humo mpaka mvua irudi, na mvua hairudi! Unataka kuwa mjane?"

"Mjane wa mume aliye hai," alisema Bi Fisi polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Haya."

Fisi alikata majani mawili ya mkonge, akayafunga kichwani kwa kamba. Akaingia katika chumba cha mawe, akajikunja. Bi Fisi akafunga mlango kwa ufunguo. Ngiri akapita chini ya lango na ufunguo, akafungua kufuli la nje, kisha akarudishia udongo. Jamaa wote wakainamisha vichwa wakaanza kulia upya, maana anayelia haulizwi maswali.

Simba aliingia na manyoya yake yote. "Poleni," alisema. "Mfalme amekuja. Sasa msiba umekuwa msiba." Akamtazama Bi Fisi. "Bwana jela, sauti yako leo nyembamba."

"Ni kilio, Mfalme."

"Na mkeo?"

"Amekwenda kutafuta maji. Naye amelia sana."

"Vizuri. Nionyeshe mfungwa wangu."

Wakasimama mbele ya fito. Simba akachungulia gizani, akachungulia tena.

"Sungura amekuwa mkubwa."

"Anakula vizuri, Mfalme."

"Mnaona jela yangu?" Simba aliwaambia waombolezaji. "Ya kwangu hunenepesha! Lakini mbona masikio yake ni ya kijani?"

"Ni hayo majani anayokula, Mfalme. Yamempanda kichwani."

"Mpeni ale nimwone."

Ngiri akaleta fungu la nyasi kavu. Fisi akatafuna. Tangu siku ile alipoachishwa ziwa hakuwa amekula kitu kisicho na damu. Alitafuna huku macho yanatoka, akameza, nyasi zikamchoma njia nzima. Alipoinama kuchukua nyingine, kamba ililegea. Sikio moja likaanguka mbele ya Simba, pu!

Fisi, asijue la kufanya, alilikamata lile sikio akalila.

Simba alitazama. Aliona kichwa cha mviringo, sikio fupi lenye manyoya, madoa mgongoni, na taya pana linalotafuna mkonge. Simba alikuwa na kiburi lakini hakuwa kipofu. Ila akasema moyoni: ikiwa huyu si Sungura, basi Sungura ametoroka. Ikiwa ametoroka, jela yangu imevunjwa. Ikiwa jela yangu imevunjwa, mimi niliyeijenga nilikosea. Na mimi sikosei.

"Sungura wa siku hizi," alisema Simba kwa sauti nzito, "masikio yao hayana nguvu. Huyu ndiye Sungura. Nimesema! Na bwana jela ni huyu mwenye kofia. Atakayesema vinginevyo ananiita mimi mwongo."

Akanguruma mara moja ili jambo likae, akanywa mchuzi uliobaki, akaenda zake.

Vumbi lake lilipotulia Fisi alirukia fito. "Mke wangu, fungua upesi! Tumbo linawaka! Umeona nilivyomweza?"

Bi Fisi alitia ufunguo mlangoni. Mkono ukasimama.

"Nikikufungua," alisema, "chumba kitabaki na nani?"

"Na nani tena? Kitupu."

"Na mlinzi anayempoteza mfungwa hufanywaje?"

Fisi alifungua mdomo. Nyasi moja ikadondoka.

"Mke wangu, mimi ni Fisi!"

"Fisi ni mimi. Mfalme mwenyewe amesema, na Mfalme hakosei." Akarekebisha shada la kofia lisimwingie puani. "Tena chungu kile cha msiba nilikipika mimi, baba. Niliposogea nikakuta hata mfupa wa kulamba hukuniachia."

"Ngiri! Ngiri ndugu yangu, mwambie mimi ni nani!"

Ngiri alifikiri. Alifikiria sheria, akafikiria na posho zake zilizokuwa zikipotea kila alipogeuza shingo. "Afande," alimwambia Bi Fisi, mkia wima, "mfungwa anapiga kelele. Nimpe posho yake?"

"Mpe."

Ngiri akasukuma fungu la nyasi kupitia fito.

Basi Fisi akakaa mle. Kumwambia Simba ukweli hakuweza, kwa sababu ukweli mmoja ungevuta mwingine, mpaka ufike ghalani. Aliwauliza wapita njia wote: "Hamjamwona mtani wangu?" Wengine walisema ameonekana ng'ambo ya milima anauza mboga. Wengine walisema amekufa kiu. Kobe, anayejua mambo mengi, alikwenda mwenyewe kuutazama ule mchanga, akarudi baada ya siku nyingi, akasema hajui. Mpaka leo hakuna ajuaye Sungura alikanyaga wapi baada ya unyayo ule wa mwisho. Mara nyingine, mchana, Fisi alikumbuka Sungura alivyofoka kule nje, "Idadi imetimia!", akajikuta anacheka peke yake mpaka machozi. Halafu alitazama juu kupitia fito. Anga lilikuwa jeupe, bila hata uzi wa wingu.

"Jamani," aliwaambia waliopita, "hata pole hamniambii?"

Nao walimjibu bila kusimama: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.